Mama Kola na Maswali ya Tabibu

Mtaani tulimwita Mama Kola, kwa sababu hakukuwa na fundi mwingine ambaye kola zake zilikaa shingoni vizuri kama zake. Uzeeni aliota rovu. Uvimbe ulikua taratibu chini ya koo, naye akaanza kujishonea magauni ya kola ndefu. Mumewe alikwishafariki, na binti yake wa pekee ameolewa mbali. Chumbani kwake ilisikika cherehani tu.

Hospitali walitaka kumpasua. Akaogopa, akaenda kwa tabibu wa homeopathia, mzee mwenye chumba nyuma ya duka la vitabu, anayetoa vidonge vyeupe vitamu kama peremende. Kabla ya dawa, tabibu huyo huuliza maswali mpaka mgonjwa ajishangae. Unalalia ubavu gani? Chai unaipenda ya moto au vuguvugu? Ukilia, unataka kubembelezwa au kuachwa?

Mama Kola hakukumbuka mtu mwingine aliyewahi kumuuliza hivyo.

Tangu siku hiyo hakukosa miadi ya kila Alhamisi. Akiulizwa kuhusu uvimbe, alijibu, "Unapungua, kaka. Hata kola hainibani."

Ni kweli haikumbana. Kila ilipoanza kubana aliifumua, akaongeza kipande, akaishona upya. Alijua tabibu akiona dawa imeshindwa, atamrudisha hospitali, na maswali yatakwisha.

Siku moja, akisimulia ndoto yake, maji aliyokuwa akinywa yalimpalia. Alikohoa mpaka pumzi ikapiga mluzi. Tabibu akamfungua vifungo vya shingoni, na kola iliyofumuliwa mara nyingi ikachomoka, ikabaki mkononi mwake: kitambaa kipya kimeungwa na kilichopauka, kiraka baada ya kiraka.

"Dada, hii umeiongeza mara ngapi?"

"Fundi hahesabu nguo zake mwenyewe."

"Mimi nidanganye tu, nimezoea, nina wake wawili. Lakini koo lako nalo utalidanganya?" Tabibu hakucheka. "Vidonge vyangu havijafanya lolote. Nenda ukapasuliwe."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi gani?"

"Za kuja hapa."

Tabibu aliishika ile kola bila kujua aiweke wapi. "Shingo kwanza, dada yangu."

Hospitalini daktari alimpapasa, akamwambia ameze mate, akaandika. Mama Kola akaanza kumweleza kwamba yeye hulalia ubavu wa kulia, na kwamba chai ya moto sana haimpendezi.

"Hayo hayahitajiki, mama," daktari alisema kwa upole. "Siku ya upasuaji utakuja na nani? Lazima awepo mtu wa kukaa nawe."

"Yupo."

"Ni nani wako?"

"Ni mtu wangu."

Akachukua mkoba, akaaga. Nje alisimama kwenye ngazi, watu wakimpita huku na huku, akawaza aanzie wapi kumtafuta mtu huyo.