Mkanda Shingoni mwa Punda Wangu

Niliukata ule mkanda kwa kisu cha kuparia samaki, mtoto akiwa amelala mgongoni mwangu, na punda akanitulizia shingo kana kwamba alikuwa akinisubiri. Chini ya mkanda manyoya yalikuwa yamekwisha. Nyama nyekundu, nzi wameshakaa.

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeufunga alikuwa mlangoni na daftari lake.

"Mama, tafadhali, hicho ni kifaa cha mradi!"

"Na shingo je? Nayo ni ya mradi?"

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akichambua mchele, akasema, "Weka kisu tini, mwanangu. Mwana wa watu huyo, ametoka nti ya mbali."

Kisu nilikiweka. Sauti sikuishusha.

Na dada huyo mwanafunzi nilikuwa nampenda, ndiyo maana iliniuma. Alikuja Amu, yaani Lamu, kuchunguza watu na punda wanavyoishi pamoja. Wasomi siku hizi, alitueleza, wanasema mnyama naye ni mwanajamii. Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu. "Kwani wameyua yeo?" Eti ndiyo kwanza wamejua leo!

Punda wangu hubeba mchanga wa ujenzi asubuhi. Adhuhuri tukimvua shogi, yale makapu ya mgongoni, tunamwachia azurure vichochoroni. Jioni hurudi mwenyewe, akaingiza kichwa mlangoni kudai maganda ya ndizi. Mkanda ulikuwa na kifaa cha kuonyesha anakokwenda na punda anaoandamana nao. Wiki ya pili nikasema unambana. Nikaambiwa nivumilie, vipimo vitaharibika. Wiki ya tatu nikasema tena. Mume wangu akaniambia nisiaibishe wageni. Yeye ndiye aliyetia sahihi karatasi yao ya ridhaa, wala hakuniuliza, na punda nimeachiwa mimi na marehemu baba! Kidonda kikioza punda habebi, na asipobeba hakipikwi kitu nyumbani.

Yule dada alichutama akakitazama kidonda. Machozi yakamtoka. Nikamletea maji ya moto yenye chumvi, tukamwosha punda pamoja, yeye amemshika kichwa.

"Nilimwambia msimamizi wangu," akasema. "Akanijibu kanuni za kulinda washiriki ni za watu tu."

"Kwenye utafiti punda yumo?"

"Yumo."

"Basi huyo msimamizi wako ana kichwa kigumu kuliko huyu."

Akacheka huku akijifuta pua. Kisha akanionyesha karatasi ambayo mume wangu aliiweka juu ya kabati bila kuisoma. Chini kabisa: mwenye malalamiko aiandikie kamati ya maadili ya chuo.

"Ukiandika wewe watasikia, mama."

"Na wewe hawatakufukuza?"

"Sijui."

Kidato cha nne nilimaliza. Barua rasmi naijua.

*Kwa Kamati ya Maadili,*

*YAH: PUNDA ALIYEJERUHIWA NA MKANDA WENU*

*Mshiriki aliyedhurika ni punda. Mwenye punda ni mimi, na sikuulizwa. Nimelalamika mara mbili, nikaambiwa nivumilie. Mwanafunzi wenu pia alisema mapema na hakusikilizwa, kwa hiyo msimwadhibu yeye. Fungueni mikanda ya punda wote, mlete daktari wa mifugo awakague mmoja mmoja. Utafiti wenu siukatai, una maana. Lakini kabla ya kumfunga mnyama kitu, mumwulize anayemlisha. Nimeambatisha picha tatu za kidonda. Naomba jibu la maandishi.*