Mafuta Kwenye Kilemba cha Mtu wa Mfalme

Mahoro ni mwoga, na nasema hivyo nikimpenda. Tunakaa nyumba moja hapa Langley Park, Marekani, tangu aje kutoka Burundi. Simu ikiita na namba haijui, ananipa mimi nipokee. King'ora cha polisi kikipita anaacha hata kutafuna, maana kesi yake ya ukimbizi bado haijaamuliwa.

Kazi yake ni kumtunza bibi mmoja wa Kihindi kule Arlington ambaye kumbukumbu zimemtoka. Chumbani mwa bibi kulikuwa na picha ndogo, haizidi sahani, ya mtu wa baraza la mfalme fulani wa India ya zamani: kilemba cha dhahabu, jambia kiunoni, mikono imekunjwa mbele, uso umegeuzwa upande. Madhav, mwana wa bibi, alimweleza Mahoro kwamba mfalme mwenyewe hakuchorwa, lakini jinsi yule bwana alivyosimama unajua mfalme yuko mbele yake, na akikosea neno moja amekwisha. Madhav alicheka. Mahoro hakucheka. Aliniambia picha ile inamtia baridi, kwa sababu ndivyo anavyosimama yeye mwenyewe kila Madhav akiingia.

Sasa sikia. Juzi Madhav aliitoa picha kwenye kioo ili ikabadilishwe fremu, akaiacha mezani, akaenda kazini. Bibi akaanza kulia akiionyesha kwa kidole, hanyamazi. Mwingine angempigia nesi wa ejensi iliyompa kazi. Lakini Mahoro ni mtu wa maombi, na kanisani kwao nyumba yenye kilio hupakwa mafuta ya upako, mlangoni, dirishani, na juu ya kitu chochote kinacholeta hofu. Akachovya kidole kwenye kichupa chake, akaomba, akampaka yule bwana wa watu msalaba kwenye paji la uso. Jamani, karatasi ya miaka mia nne! Ikayanywa mafuta, doa likapanda mpaka kilemba chote kikawa cheusi.

Alinipigia akiwa amejifungia chooni. Awino, nifanye nini? Nikamwambia aseme ni bibi. Bibi humwaga chai kila siku, na hata akisingiziwa hatakumbuka. Mnitazame mnavyotaka, ningemwambia hivyo tena leo, kwa sababu nimeona ripoti moja ya polisi ikimrudisha mtu kwao. Mahoro alilia kidogo, akasema sawa, atasema ni bibi.

Madhav akaja, akaiona picha. Mahoro alikuwa amesimama kando ya meza, mikono mbele, macho chini, uongo wake ameshaupanga mdomoni. Hakupata hata nafasi ya kuusema. Madhav hakuuliza mtu. Alimgeukia mama yake, akapiga hatua moja tu, na yule bibi ambaye hajui kama amekunywa uji akainua mikono yote miwili akaficha kichwa.

Mtu hajifunzi kujikinga vile kwa siku moja. Mahoro aliona.

"Ni mimi," akasema. "Yeye hakugusa."

Madhav akamgeukia yeye. Akamwambia achukue mkoba wake atoke, la sivyo anaita polisi sasa hivi, na polisi watataka kuona karatasi zake.

Mimi ningechukua mkoba. Ningekuwa kwenye basi kabla hajamaliza sentensi.

"Ita," Mahoro akamwambia. "Mimi na mama tutawangoja hapa."

Akavuta kiti, akakiweka katikati ya bibi na mwanawe, akaketi. Bibi akamshika sare kwa nyuma. Mahoro anasema alitetemeka mpaka kiti kikawa kinagonga sakafu, na Madhav akakisikia, lakini yeye Mahoro hakuinuka.