Kikapu Kisicho na Ukingo

Hanifa binti Bushiri, Mama Nasri kwa wenzake, ameuza viungo katika soko la Iringa kwa miaka thelathini na moja, na muda wote huo hajakubali mteja aondoke mikono mitupu. Ukisimama mezani kwake kuuliza bei ya bizari tu, atakunusisha mdalasini, atakutia karafuu kiganjani, atakusimulia habari za babu yake aliyepanda milima hii akitokea Kilwa, na utaondoka na mfuko ambao hukuupanga. Wenzake husema ana ulimi wa asali. Yeye hujibu kwamba ulimi wake ni wa kawaida, ila haulali.

Meza inayogusana na yake ni ya Severina, Mhehe wa Igowole, anayeuza vikapu vya milulu, yale majani marefu ya kwenye mabwawa ambayo wanawake wa huku huyakausha na kuyasuka. Severina ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, mtu wa maneno machache, hata Hanifa humsemea yeye pia kwa wateja. Wamekaa bega kwa bega miaka kumi na minne. Hapo sokoni kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika: jirani akipatwa na jambo, unamshikia meza, na mali yake unaiuza kwa bidii kuliko yako. Kuuza yako huku ya mwenzako imelala ni aibu.

Basi Severina alipopigiwa simu alfajiri moja kwamba mama yake amefariki, alipita sokoni na khanga begani, macho mekundu, akasema maneno matatu tu: "Mama Nasri, nishikie." Hanifa akamkumbatia, akamwambia aende, asiwe na wasiwasi na meza.

Kusema kweli alishika meza ile kama amekabidhiwa msikiti. Siku ya kwanza aliuza vikapu vinne, ya pili sita. Siku ya tatu akaja Clement, kijana anayetembeza watalii wanaokwenda Ruaha, amefuatana na mama mmoja mweusi, mnene wa kupendeza, ambaye wauzaji wote walimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene," wakidhani ni mtu wa hapa hapa. Mama yule akacheka, hakuelewa. Clement akaeleza kwamba anaitwa Bi Marva, ametoka Grenada, kisiwa cha mbali huko Karibiani, na kwamba mama yake alikuwa akiwauzia watalii wa meli kungumanga na mdalasini sokoni kwao.

Hanifa alifurahi utadhani amepata ndugu aliyepotea. Wakanusishana iliki, wakabishana juu ya kungumanga kwa mikono, Clement akitafsiri nusu na nusu akiiacha. Kisha Bi Marva akageukia vikapu. Akapita vyote vipya, vyenye rangi na nakshi, akanyoosha kidole kwenye msumari wa nyuma. Pale kilining'inia kikapu cha rangi ya majani makavu, kimesukwa kwa mkazo wa ajabu, lakini hakina ukingo. Majani yake ya juu yalikuwa yamesimama ovyo kama nywele zisizochanwa. Hanifa alikuwa amekiona pale tangu Pasaka na siku zote alikihesabu kuwa kikapu kilichoshindikana.

Mtu mwingine angeuliza. Hanifa hakuuliza, alifurahi kwa niaba ya Severina. Kikapu ambacho hakuna mtu angekitaka kimepata mtu! Akakijaza viungo kwa mapambo, akakiuza kwa bei nzuri, na jioni ile akaenda nyumbani akijiona jirani bora kuliko wote Iringa.

Severina akarudi kesho yake, nywele zimenyolewa. Hanifa akampa pole, akamkalisha, akaanza kuhesabu mauzo kwa madaha. Severina hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiutazama msumari.

"Kile kikapu cha mama kiko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo Hanifa alipoambiwa kile ambacho jirani yake mkimya hakuwahi kumwambia. Mama yake alikianza kikapu kile mwaka jana, vidole vikakataa kabla hajafika ukingoni. Alikuwa amemwambia Severina, nitakapokuwa sipo, utamalizia wewe. Severina alikitundika pale kwa sababu kukimalizia mama akiwa hai aliona ni kama kumzika. Sasa amemzika, na amekuja kumalizia.

Hakumlaumu. Alisema tu kwamba Hanifa hakujua, akainama kupanga vikapu vyake. Hanifa angependa atukanwe. Usiku ule hakulala, na asubuhi, baada ya kumpigia simu Clement na kuambiwa mgeni yuko Mbeya hadi keshokutwa, akapanda basi la kwanza. Mume wake alimwuliza kama amerukwa na akili kwa ajili ya kikapu kibovu. Hakumjibu, na yeye kutojibu ni jambo la kuandikwa ukutani.

Miaka thelathini na moja ameuza tangawizi ya Mbeya na Mbeya yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Walipopita Igawa alijaribu kupanga maneno atakayosema, yakakataa kupangika. Clement alikuwa amemwelekeza soko la Mwanjelwa, kwamba Bi Marva atakuwa huko hadi saa tisa. Akaingia akiwa amejifunga mtandio kichwani na mkoba kwapani, akishangaa marundo ya viazi, ndizi za Tukuyu, kakao ya Kyela, na mara muuza tangawizi mmoja akamshika mkono, "Karibu mgeni, nusa hii!" Hanifa akanusa. Akataka kumwambia mimi ni mwenzako, sauti haikutoka. Aliona haya, akajua kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyoweza kushikwa mkono akashindwa kusema analotaka.

Akamkuta Bi Marva karibu na meza za batiki, Clement pembeni, kikapu mkononi. Kikapu kilikuwa na ukingo. Ukingo wa plastiki, wa zambarau.

Bi Marva alikuwa amempa mama mmoja pale sokoni amfungie ili kisichanike. Alidhani anakitendea wema. Hanifa akamweleza yote, Clement safari hii akitafsiri kila neno, na kabla hajafika mwisho mgeni yule alikuwa ameshavua kitambaa chake cha shingoni, anavimimina viungo humo. Akasema kwao pia watu hushikiana meza, na kwamba mama yake aliwahi kuuza kiti ambacho jirani alikuwa akikikalia. Hela alikataa kurudishiwa. Alipomkabidhi kikapu, aliendelea kuushika mkono wa Hanifa kwa muda.

Kesho yake Hanifa akakiweka mbele ya Severina. Akaeleza kwa ufupi, bila chumvi, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Severina akachukua kisu kidogo, akaikata ile plastiki, akaivuta mzunguko mmoja baada ya mwingine mpaka ikaisha. Chini yake majani ya mama yalikuwa yamekatwa yote sawasawa, mafupi kama kucha. Hanifa akafunika mdomo.

Severina akayapapasa kwa kidole gumba, pole pole, duara zima.

"Mama ameishia hapa," akasema.

Akatoa milulu iliyokuwa imelowekwa kwenye beseni, akachomeka jani jipya kando ya fupi. Hanifa akanong'ona kwamba kiungo cha majani kitaonekana.

"Kionekane."

Majani mapya yalikuwa yanateleza, mikono miwili haitoshi. Severina akasogeza kikapu mpaka kwenye meza ya viungo, akasema, "Mama Nasri, nishikie hapa." Hanifa akashika kwa mikono yote miwili, akibana pale pale alipooneshwa.

Wakati huo mteja akasimama mbele ya meza yake, mtu wa heshima, akauliza bei ya iliki. Hanifa hakuinua kichwa. Mteja akauliza tena, akasubiri kidogo, kisha akaenda zake meza ya mbele.