Pasaka Tuliyosimama Ziwani

Wiki chache kabla ya Pasaka, mtaa wetu wa Igogo, Mwanza, uliamshwa na tarumbeta. Vijana wa kanisa walifanya mazoezi juu ya miamba nyuma ya nyumba zetu kabla ya kwenda vibaruani, na mmoja wao alikuwa na tarumbeta kubwa iliyotoboka ikazibwa kwa lami, kwa hiyo kila alipopuliza sauti ilitoka kama ya ng'ombe anayeita ndama wake. Hata hivyo mwili wangu ulisisimka. Nilikuwa darasa la tatu, na niliposikia mlio ule ukichanganyika na harufu ya dagaa walioanikwa, nilijua Ijumaa Kuu imekaribia, gauni jipya limekaribia, na ile asubuhi kubwa kuliko zote iko njiani. Krismasi tuliipenda kwa sababu ya wali. Pasaka tuliipenda kwa sababu ya makaburi.

Asiyetoka kanisa kama letu huenda akashangaa, kwa hiyo nieleze. Jumamosi kabla ya Pasaka kila familia ilipanda makaburini na majembe, ndoo na chokaa. Tulipalilia, tukafagia, tukapaka chokaa mpaka kilima kizima kikawa cheupe. Kesho yake alfajiri waumini walitoka kanisani kwa maandamano, tarumbeta zikitangulia, na kila familia ikaenda kusimama kando ya kaburi lake. Jua lilipoanza kutoka, mwinjilisti alitangaza kwamba Kristo amefufuka, na watu wote wakajibu kwamba amefufuka kweli kweli. Baada ya hapo watu walisalimiana kutoka kaburi moja hadi jingine, wakacheka, wakafungua chupa za chai, kana kwamba waliolala pale chini wamechelewa kidogo tu kuamka. Sisi watoto tulijivunia makaburi yetu kama watoto wa siku hizi wanavyojivunia magari ya baba zao. Rafiki yangu Regina ndiye aliyetupita wote, kwa sababu kaburi la babu yake lilikuwa na msalaba wa zege na kijukwaa cha kukalia.

Mwaka ninaousimulia, familia yetu ilikuwa na mtu wa kumngoja lakini haikuwa na kaburi. Baba yangu alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, na sijapata kusikia fundi kama yeye kuanzia Igogo hadi Busisi. Kabla ya Krismasi alitoka kwenda kujaribu injini aliyokuwa ameifungua na kuifunga upya. Upepo ukabadilika. Mtumbwi ulipatikana ukielea mtupu, na wavuvi walipovuta kamba, injini iliwaka mara ya kwanza, maana kazi yake haikuwa ya kubahatisha. Yeye mwenyewe hakupatikana. Walimtafuta kwenye magugumaji, wakauliza visiwani, na mwisho wakaja nyumbani wakakaa kimya barazani, nasi tukaelewa.

Regina ndiye aliyeuliza kile ambacho watu wazima walikuwa wanakizunguka. Tulikuwa kwenye foleni ya bomba, ndoo zetu zimepangwa.

"Nyie Pasaka mtasimama wapi?" alisema.

"Kwa baba."

"Baba yako ana kaburi? Si sangara wamemla? Na sangara wanakatwa minofu pale kiwandani, wanapelekwa Ulaya kwa ndege. Sasa siku ya ufufuo baba yako si atafufukia Ulaya? Na Kizungu chenyewe hajui."

Foleni nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao, kisha kicheko kikaniishia mdomoni. Sikuwa na shaka kwamba baba atafufuka. Hilo kwetu lilikuwa na uhakika kama mvua za masika. Kilichonitisha ni kwamba atafufukia mbali, katika mji wa baridi asioujua, na atazunguka akituuliza bila kutuona. Nilibeba ndoo mpaka nyumbani nikamkuta mama kwenye mkeka akichambua dagaa, nikamweleza yote. Mama aliacha kuchambua. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu baba apotee, mama hakuwahi kupika sangara nyumbani, hata jirani alipotuletea kichwa kikubwa cha mchuzi alikigawa palepale mlangoni. Swali langu lilikuwa lake pia, na alikuwa amelibeba peke yake miezi yote ile. Alinawa mikono, akajifunga kitenge, akanishika mkono, tukaenda kwa mwinjilisti.

Mwinjilisti wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye koti moja, mcheshi kuliko wachungaji wote niliowahi kuwasikia, na mimi nimesikiliza wachungaji wa miji mingi. Alimsikiliza mama mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama Ester, Mungu atafanyaje, hilo sikufundishwa. Ninachojua maandiko yanataja na maji, kwamba nayo yataambiwa yawatoe waliomo. Hayasemi kwamba kwanza kutakuwa na uchunguzi wa samaki gani alisafirishwa wapi." Mzee akaongeza, "Wewe ni wa Magu. Mumeo alikuwa wa Ukerewe. Nani aliwakutanisha?"

"Nilikuja Mwanza kuuza choroko," mama alisema, "na mashine ya kusaga ikaharibika, naye ndiye akaitwa kuitengeneza."

"Basi aliyewakutanisha kwa mashine mbovu hatashindwa mara ya pili."

Mama alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mtumbwi ule urudi peke yake, na njia nzima ya kurudi nyumbani niliruka mawe kwa furaha kana kwamba tumeahidiwa safari ya wiki ijayo.

Lakini swali la mahali pa kusimama lilikuwa bado. Jumamosi asubuhi, wakati mtaa mzima unakoroga chokaa, baba mdogo Magesa aliingia uani kutoka Ukerewe, amepakata kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka jeupe. Kilikuwa kipande cha mgomba. Upande wa baba wana desturi kwamba mtu akipotelea majini asionekane, ndugu huzika mgomba mahali pake, kwa heshima zote, ili asibaki bila makazi. Baba mdogo alikuwa amekuja kwa upendo, na mimi moyo ulinidunda. Tungekuwa na kaburi! Nilishaanza kufikiria rangi ya msalaba, na jinsi nitakavyopita mbele ya Regina bila kumtazama.

"Shemeji," baba mdogo alisema, "mtu wetu hawezi kukaa bila kaburi. Watu watasema tumemtupa."

"Umefanya vyema kuja, shemeji. Karibu uji. Lakini huo mgomba sitauzika."

"Ni desturi yetu."

"Naijua, na sijaidharau. Ila niambie wewe. Kesho nikisimama pale na hawa watoto, na ikitangazwa kwamba amefufuka, nitakuwa nimesimama kwa nani? Siku watakapoitwa, pale atatoka nani? Mimi namngoja mtu, shemeji. Singoji mgomba."

Baba mdogo aliutua mzigo wake chini. "Nimeupakata toka Ukerewe," alisema taratibu. "Meli nzima imenipa pole."

Walicheka wote wawili, kisha wakalia, kisha wakanywa uji. Mgomba wakapewa mbuzi wa jirani. Mimi nilikwenda kulia nyuma ya choo, na yangu hayakuwa machozi ya imani. Nilililia kaburi.

Alfajiri mama alituvika mavazi meupe, mimi na wadogo zangu, akatuongoza. Watu wengine walielekea kanisani. Sisi tukateremka ziwani, kwenye mawe ambako mitumbwi ilikuwa ikifungwa, na baba mdogo akatufuata. Mama alisimama ukingoni, maji yakamlowesha kanga. Nilijificha nyuma yake kwa aibu. Tukasikia tarumbeta zikitoka kanisani, na maandamano yakaja kwa barabara ya juu, taa mkononi, wakielekea kilimani kwenye makaburi yao meupe. Mama akaanza kuimba wimbo uleule waliokuwa wakiuimba. Sauti yake haikuwa ya kwaya, lakini asubuhi ilikuwa tulivu na ilifika juu.

Wakasimama. Niliona taa zimesimama njiapanda. Kisha taa moja ikaanza kushuka polepole, na iliponikaribia niliona ni Bibi Kabula, bibi yake Regina, mkongojo mkono mmoja na Regina mkono wa pili.

"Bibi, babu yuko kule," Regina alikuwa akilalamika. "Jana si tulipaka chokaa?"

"Kule kuna mgomba, mjukuu wangu," bibi alisema, bila kupunguza mwendo. "Babu yako yumo humu tangu mama yako hajaota meno. Mama Ester, hebu tusogezee nafasi."

Regina aliuachia mkono wa bibi yake, akayatazama maji. Nakiri nilifurahi, na furaha hiyo sijaitubu mpaka leo. Lakini kilichonishangaza zaidi ni taa zilizofuata. Ilishuka moja, zikashuka mbili, ukawa mstari mzima. Mtaa ule unaishi kwa ziwa, na ziwa lilikuwa na watu wa nyumba nyingi kuliko nilivyojua. Nusu ya kilima kile cheupe kilichonitia wivu kilikuwa kimefunika migomba. Kina mama walisimama kwenye mawe wakitaja majina niliyokuwa sijawahi kuyasikia, ya waume, kaka na watoto, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita wa chumba cha pili. Mwinjilisti aliachwa katikati, wengine wamekwenda juu na wengine wameshuka. Hakumkemea mtu. Alibaki palepale njiapanda ambapo pande zote mbili zingemsikia.

Jua la Mwanza huchomoza nyuma ya vilima, kwa hiyo sisi tuliotazama ziwa hatukuliona. Tuliona maji yakibadilika, kutoka rangi ya majivu kuwa ya shaba, mpaka mbali kabisa. Ndipo mzee akatangaza. Walio kilimani wakajibu, nasi wa ziwani tukajibu, sauti zikapishana, tarumbeta zikadaka, na mimi nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, kwa maana kwa mara ya kwanza nililiangalia lile ziwa bila kuliogopa. Halikuwa limemmeza baba. Lilikuwa limepewa limtunze, na siku moja litaambiwa limrudishe.

Tukiwa tunarudi, mama alisema jambo ambalo ndilo lililonilea. Alisema, "Tukionana ataniuliza habari zenu. Sitaki nimpe habari nusu." Hakuhubiri zaidi ya hapo. Jumatatu yake alikwenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua dagaa wa kuanika, na tangu hapo alifanya kazi kama mtu anayejua mwenye nyumba atarudi. Wengine hudhani anayengoja ufufuo hukaa akitazama mbingu na kuiacha dunia iende. Hawamfahamu mama yangu. Yeye kwa sababu ya kungoja alichimba choo kipya, alijifunza kusoma, alikataa mwanamume aliyetaka tuache shule, na nilipofika kidato cha pili nikasema nimechoka na hesabu, alinijibu akigeuza dagaa, "Sawa. Ila hilo utamwambia mwenyewe." Nilirudi darasani.

Na sasa mnaonijua mnajua nilifika wapi. Nilichukua stashahada ya ufundi wa majokofu Arusha, msichana pekee katika darasa letu, na sikupewa hata senti na mjomba wala shangazi. Nimefanya kazi Dar es Salaam, nimefanya Durban, nimefunga vyumba vya baridi ambavyo wanaume waliomaliza vyuo vikuu walivishindwa. Nimerudi Mwanza na gari langu, vijana ninaowalipa mimi, na nyumba ya Buswelu ambayo mafundi wa jirani huja kulitazama paa lake. Watu husema Ester anajisifu. Ni kweli, najisifu. Mtoto aliyempoteza baba akiamini ndio mwisho, ataonyesha vyeti vyake kwa nani? Mimi nina wa kumwonyesha. Kila nikimaliza kazi ngumu, kabla sijafunga sanduku la vifaa, naipanga kichwani namna nitakavyomweleza fundi mwenzangu, na najua atauliza maswali magumu.

Igogo imebadilika. Pale Busisi siku hizi watu huvuka kwa daraja, kwa dakika tu, juu ya maji ambayo zamani tuliyavuka kwa sala. Watoto wa leo hawajivunii makaburi. Asubuhi ya Pasaka wanashika simu juu, wanapiga picha. Lakini kanisa letu sasa lina vituo viwili, kilimani na ziwani, na hakuna anayekumbuka kwamba desturi hiyo ilianza na mjane mmoja aliyelowa kanga. Mimi sikuwa na mahali pa kusimama nilipokuwa na miaka tisa, na leo nina viwanja vyenye hati. Mwaka huu, baada ya ibada, nilimpeleka mama kuona kimoja, kule Buswelu, juu, penye upepo mzuri na mandhari. Nilimweleza kwa heshima kwamba nimekitenga kwa ajili yake, kwamba nitakijengea kwa vigae, na kwamba hakutakuwa na kaburi kama lile katika wilaya nzima ya Ilemela.

Mama alizunguka, akagonga ardhi kwa kisigino, akaangalia upande wa ziwa ambalo kutoka pale huonekana kama utepe mwembamba.

"Ni pazuri, mwanangu. Nizikeni hapa," alisema. "Ila msiweke ukuta upande huu. Siku hiyo nitakuwa na haraka ya kushuka."