Tone Moja la Kuhara Damu

Mwaka 1974, katika maabara moja ndogo mjini Nyeri, Waithira alivuta pipeti, mrija wa kioo wa kupimia maji, kwa mdomo, kama wote walivyofanya siku zile, na maji ya bakteria wa kuhara damu yakamfikia ulimini. Alikwisha kumeza kabla hajajua. Akatema, akasukutua kwa spiriti hadi fizi zikawaka, kisha akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Daktari Manorama, aliyeongoza maabara. Bakteria hao hujitengenezea kisaidizi fulani, kemikali ambayo bila hiyo hawaishi, na daktari alitaka kujua ni vimeng'enya gani, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili, vinavyokijenga. Alikuwa na aina mbili za bakteria hao zilizoharibika, kila moja imepungukiwa na kimeng'enya chake. Waithira ndiye aliyezikuza.

Saa kumi jioni, akitoka kazini, alifika geti la maabara, akasimama. Nyumbani Wacera, bintiye wa miezi saba, alikuwa akimngoja anyonye. Mwezi uliopita mtoto wa jirani alikufa kwa ugonjwa huohuo.  Akarudi ndani, akamwambia Daktari yote.

"Ilikuwa ile aina iliyoharibika," akaongeza. "Haiwezi kujitengenezea kile kisaidizi. Si itakufa tu ndani yangu?"

Daktari akatikisa kichwa. "Hapana, Waithira. Chakula unachokula kitaipa kile inachokosa."

"Niko na mtoto ananyonya, Daktari."

"Usimshike kwanza."

Mumewe, Mutahi, alipelekewa habari ampe mtoto maziwa ya ng'ombe. Waithira akalazwa chumba cha peke yake hospitalini. Siku mbili alijisikiliza tumbo. Siku ya tatu homa ilipanda, na alipoona damu chooni hakulia. Alikaa chini sakafuni akashikilia mguu wa kitanda. Dawa zilimsaidia polepole. Baada ya siku kumi vipimo vitatu mfululizo vilitoka safi.

Alipofika nyumbani maziwa yake yalikuwa yamekauka. Wacera alimwangalia kama mgeni, akamgeuzia uso baba yake, na Waithira akakaa naye jikoni mchana kutwa mpaka akakubali kubebwa.

Aliporudi kazini, yeye na Daktari walizisaga zile aina mbili za bakteria, wakachuja. Maji ya kila moja peke yake hayakutengeneza chochote. Waliyachanganya, na kisaidizi walichokitafuta kikatokea: kila aina ilitoa kimeng'enya ilichokosa nyingine, na viwili hivyo vikafanya kazi kimoja baada ya kingine. Daktari alicheka kwa furaha. Waithira aliandika matokeo kwa mwandiko wake nadhifu, kisha akanawa mikono mara tatu kabla ya kwenda nyumbani.