Kumrudi Mtoto

Katika kijitabu ambacho usharika wetu wa Mtwara ulikitoa kwa ajili ya jubilei yake, ukurasa mmoja unamtaja mwanamke wa Kimakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma ambaye, kwa maneno ya waandishi, "alipotea kama kondoo, akarudi kundini kwa neema". Vijana walioandika hawakunijia kuniuliza, ingawa nilikuwa katibu wa baraza la wazee la usharika huo katika miaka yote inayohusika, na ningali na akili zangu. Maneno hayo si kweli. Mwanamke huyo hakupotea hata siku moja. Alijua aendako kuliko sisi wazee saba tuliokaa kumhukumu. Na kwa kuwa neno la kwanza la uongo katika habari hii liliandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, ni wajibu wangu kulifuta kabla sijazikwa nalo.

Nilihamishiwa Mtwara kutoka nyanda za juu, kuwa karani wa serikali Bomani, katika miaka ambayo vita vya Wareno na wapigania uhuru vilikuwa vimepamba moto ng'ambo ya mto. Tulikaa Likombe, mimi, mke wangu na watoto wetu wanne, ambao mkubwa wao alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu. Mwanamke ninayemwandika aliletwa kwetu na mchungaji. Alikuwa mjane, amevuka mto peke yake, hana ndugu upande huu. Tukampa chumba cha uani, akamsaidia mke wangu kazi za nyumbani, na kila Jumatano alikwenda darasa la ubatizo. Watoto walimwita mama mdogo. Kiswahili alikuwa bado anajifunza. Herufi ya r ilimshinda, kama inavyowashinda wengi wa kabila lake, na maneno ya Biblia aliyapokea kama yalivyomfikia sikioni.

Yaliyompata alimweleza mke wangu, kidogo kidogo, wakichambua mboga. Askari wa Wareno waliingia kijijini asubuhi, wanawake wakiwa kinuni. Mumewe walimburuta kwa miguu hadi kwenye ghala la mahindi, wakamfungia humo pamoja na wanaume wengine, wakalitia moto. Yeye alikimbia na mtoto mchanga mgongoni. Alipofika kwenye matete ya mtoni na kumshusha amnyonyeshe, alikuta mtoto amekufa kwa risasi, risasi ambayo ingemuua yeye. Mtoto wake wa kwanza, msichana wa miaka mitano, alikuwa ameachwa kwa bibi yake katika kijiji cha pili. Hakumfuata. Mke wangu alipomwuliza kama hana nia ya kumtafuta, alijibu kwamba Mungu amekataza.

Mke wangu alidhani ni uchungu unaosema. Kumbe lilikuwa somo. Darasani walifundishwa habari ya yule mwanamke aliyeokolewa katika mji unaoteketea, akageuka kutazama nyuma, akawa nguzo ya chumvi. Naye, aliyetoka motoni, alilichukua agizo hilo kuwa lake. Mwalimu hakujua. Hakuna aliyejua, kwa maana hakuna aliyeuliza.

Jumamosi moja mchana mzee mwenzangu wa kanisa, msimamizi wa makuli bandarini, mtu wa Ziwa Nyasa mwenye ulimi wa pilipili, alinipitia nyumbani. Alikataa kiti. Akanieleza kwamba amemwona binti yangu katikati ya ngoma ya wali, wale wasichana waliotoka unyagoni, akikata kiuno.

"Na anajua, mzee," akasema, akicheka. "Kuwapita wenyeji. Uhamisho umemfaa."

Alipoondoka sikumwuliza binti yangu swali hata moja. Nilichukua fimbo ya mkwaju, nikamwita uani, nikampiga. Nilimpiga mgongoni, nikampiga mapajani, na alipojikinga kwa mkono niliupiga mkono. Kidole chake kimoja kilivunjika kwa mlio ambao niliusikia vizuri, nami nikaendelea. Mke wangu alijitupa kati yetu, pigo lililokuwa njiani likampata shavuni, likampasua. Damu ya mama na ya mwana ilikuwa kwenye ukuta wa jiko. Na kwa kila pigo nilitamka andiko, kwa sauti ya mtu anayesoma ibada, kwamba mzazi ampendaye mwanawe humrudi. Humrudi. Humrudi. Mama mdogo alikuwa kinuni, ameshika mchi, amesimama wima. Alikuwa akiutazama mdomo wangu. Fimbo hakuiangalia.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kutoa neno kanisani kuhusu malezi. Nilisimama mbele ya usharika, mke wangu akiwa ameketi mstari wa tatu na bandeji shavuni, nikalirudia andiko lile lile. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Msimamizi wa makuli alinipa mkono mlangoni.

Wakati wa chakula cha mchana mama mdogo alikuja akapiga goti karibu na meza, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Baba, lile neno ni la Mungu au ni lako?"

"Ni la Mungu."

"Ampendaye mwanawe humludi."

"Ndivyo."

"Hata kama kuna moto?"

Nilidhani anazungumzia ugumu wa malezi, ghadhabu na machozi yake. Nikamjibu, kwa uzito wa mzee wa kanisa, kwamba hata kama kuna moto.

Jumatatu asubuhi chumba chake kilikuwa kitupu. Alichukua unga wa muhogo na khanga moja. Baraza lilipokutana, msimamizi wa makuli alisema kwamba watu wa kule hawashikiki, amerejea kwenye mizimu yao, na hakuna aliyempinga. Katika kitabu cha kumbukumbu, mbele ya jina lake, nikaandika neno moja: Ametoroka.

Wiki tatu baadaye mabomu yalianguka upande wetu wa mto, karibu na Kitaya, nami nikatumwa pamoja na bwana shauri, afisa wa wilaya, kuorodhesha waliokufa na nyumba zilizoungua. Nimeandika orodha nyingi katika utumishi wangu. Ile ndiyo pekee ambayo nililazimika kuuliza kama mguu uliokuwa chini ya mkorosho ni wa mtu ambaye nimekwisha kumhesabu. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa ameshika sufuria yenye kitu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na hakumruhusu mtu yeyote alifunue. Nilimwandika kuwa mzima.

Hapo mwenye mtumbwi mmoja, aliposikia kwamba natoka Mtwara na ni mtu wa kanisa, alinishika mkono wa shati. Alinieleza kwamba mwanamke mmoja alimwomba amvushe kwenda ng'ambo, wakati kila mtu anavuka kuja huku. Alimkatalia, akamwita kichaa. Mwanamke akaingia majini kwa miguu, mahali ambapo mto umejaa mchanga, akaenda.

"Alisema ametumwa na mzee wa kanisa wa Mtwara," akasema. "Ni nani huyo mzee mwenye roho ya kumtuma mwanamke kule?"

Nilimwambia kwamba hakuna mzee aliyemtuma mtu. Niliamini hivyo. Nilikasirika hata, nikaona jina la baraza limechafuliwa.

Alirudi baada ya miezi miwili, alasiri, kwa miguu, kwa njia ya Nanyamba. Begani alikuwa na jeraha la risasi lililooza, mafunza yakitembea ndani yake, na mke wangu alilisafisha kwa maji ya chumvi huku yule mama ameuma khanga. Mgongoni, upande wa bega zima, alikuwa na mtoto. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeungua toka utosini hadi shingoni, sikio moja halipo. Bibi alikuwa ameuawa kwa vitako vya bunduki mbele ya mtoto huyo, na tangu hapo mtoto alikuwa akiishi na wakimbizi porini, akipokezwa toka mkono hadi mkono. Mama yake alimpata kwa kuuliza kambi baada ya kambi. Risasi ilimpata siku ya kurudi, wakiwa tayari wanauona mto.

Bega lilipoanza kupona, baraza lilimwita. Shauri lilikuwa wazi: je, abatizwe Pasaka pamoja na wenzake, na mtoto wake pamoja naye, kama alivyoomba, ama aanze darasa upya kwa kutoroka? Kwake halikuwa jambo dogo. Alikwisha kutuambia kwamba hataki kufa huku mtoto hana jina mbele za Mungu, kama alivyokufa yule mchanga.

Msimamizi wa makuli alimwuliza alikwenda wapi.

"Kumludi mwanangu."

Wazee walicheka.

"Kumludi!" akasema msimamizi. "Hukupata fimbo Mtwara, mama, mpaka ukamchape Msumbiji?"

Hakuelewa wanachekea nini. Alinigeukia mimi. "Baba kalani alisema. Ampendaye mwanawe humludi, hata kama kuna moto. Mimi nilikuwa naogopa kugeuka, naogopa chumvi. Baba akanifungua. Nami nampenda, nikamludi."

Mchungaji aliweka miwani yake mezani, akaniomba nimfafanulie neno hilo. Nikasimama. Nikasema kwamba kumrudi mtoto, katika andiko lile, si kumrudia mahali alipoachwa. Ni kumwadhibu. Ni kumchapa.

Mama mdogo akamvuta mtoto mbele yake, kichwa chake kikiwa bado katika vitambaa.

"Huyu?" akauliza. "Huyu amekwisha kuchapwa, baba. Wamemchapa wasiompenda."

Hakuna aliyecheka tena. Lakini msimamizi wa makuli alisema kwamba kanuni ni kanuni, vipindi alivyokosa havifutwi na machozi, na mikono minne ilinyooshwa upande wake. Akaanzishwa upya, mwaka mzima. Mkono wangu haukunyooshwa upande wowote, kwa kuwa katibu hakuwa na kura. Nilijificha nyuma ya kanuni hiyo, nikaandika uamuzi, na neno Ametoroka nikaliacha lilivyokuwa. Walibatizwa Pasaka ya mwaka uliofuata, mama na mtoto siku moja. Hayo ndiyo yaandikwe. Andiko ambalo nililijua kwa maana yake sahihi nililitumia kuvunja kidole cha mwanangu. Yeye aliyelikosea alivuka nalo mto. Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati huo, na sijasikia yaliyonifundisha zaidi juu ya Baba wa mbinguni, ni yupi kati yetu wawili anayefanana naye.

Siku chache baada ya baraza lile nilikuwa mezani, nikamwita binti yangu aniletee maji. Niliita kama nilivyozoea, kwa sauti ya ofisini. Yule mtoto aliyeungua alikuwa akicheza sakafuni. Aliingia chini ya meza kabla sijamaliza kuita, akajikunja, mikono juu ya kichwa, mkojo ukimtiririka miguuni. Binti yangu alifika na bilauri. Aliiweka chini, akaingia chini ya meza naye, akamkumbatia kwa mkono wenye kidole kilichopinda, na kutoka huko chini akanitazama. Tangu siku hiyo, katika nyumba ile na nyingine zote nilizopangiwa, nilipomhitaji mtu niliinuka, nikamwendea alipo.