Kipozea Oili Kilichonitoa Nyumbani

Gari letu lilikuwa na ugonjwa mmoja nilioupenda sana: likipanda mlima, linachemka. Kwa mtu kama mimi, ambaye kutoka Port Reitz kwenda mjini Mombasa nakuita safari na naaga majirani, ugonjwa ule ulikuwa neema. Shelly Beach yenyewe, ng'ambo tu ya feri, naijua kwa picha za harusi za watu. Sasa mke wangu kwao ni Wundanyi, juu kabisa ya milima ya Taita. Kila alipotaja kwenda, nilishusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya, nikasema, "Ningependa sana, mama watoto, lakini oili itachemka."

Mwaka huu mama yake akafanyiwa upasuaji wa jicho. Alipoondolewa bandeji alipiga simu, nikabandikwa simu sikioni kabla sijapata pa kukimbilia.

"Mwanangu," akasema, "macho yamefunguka. Nataka kumwona huyu mkwe ninayemsikia kwa simu. Siku ya harusi nilikuona, lakini ulikuwa na ukungu."

"Tutakuja mwisho wa mwezi, mama, inshallah," nikajibu, huku nikiitegemea sana ile oili.

Mke wangu hakubishana. Alimpigia kaka yake, dereva wa malori, na jioni moja shemeji akabisha hodi na kifurushi kwapani. Ndani mlikuwa na kipozea oili: ni kama rejeta, ila kidogo, upana wa daftari, chenye midomo miwili. Oili inaingia ya moto kwa mdomo mmoja, inapigwa na upepo, inatoka kwa mwingine imepoa.

"Dawa ya gari lako hiyo, shemeji," akasema. "Nikufungie?"

"Nitafunga mwenyewe," nikasema. Fizikia nilisoma mpaka kidato cha nne. Kufaulu sikufaulu, lakini darasani nilikuwapo.

"Utafunga lini?" mke wangu akauliza.

"Taratibu. Hiki ni kitu cha kuelekezwa upande wake, hakitupwi tu humo ndani."

Hapo wallahi sikusema uongo. Kisahani kilichokuja nacho, kile kinachokaa kati ya injini na filta ya oili nilikifunga bila shida, na paipu zake mbili nikazipitisha hadi mbele. Kazi ilikuwa kipozea chenyewe. Nilikiweka mbele ya rejeta kipate upepo, nikakigeuza midomo kushoto, nikakaa kwenye kigoda kukitazama. Nikakigeuza kulia. Nikaenda kunywa chai. Jirani akapita, akarudi tena alasiri, akanikuta pale pale.

"Bwana wee," akasema, "hiyo picha yako bado haijanyooka ukutani?"

Mwishowe nikakifunga midomo chini, kwa sababu ya kitaalamu kabisa: paipu zilikuwa fupi nami nilikuwa nimechoka.

Siku ya kuamkia safari, maji ya mfereji yakaja. Mke wangu akatoa beseni uani akawa anajaza chupa kwa kuzizamisha. Mimi nilikuwa nimefungua boneti, nimesimama kando kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Akaja na chupa mkononi, akainama, akatazama.

"Midomo yake mbona iko chini?"

"Ndivyo inavyokaa."

Akarudi kwenye beseni, akaididimiza chupa mdomo chini. Haikujaa. Hewa ilibaki imejikalia juu, mfano wangu mimi sebuleni.

"Hebu niambie," akasema, "na hicho kitajaa?"

Nikainama nikakitazama kipozea. Ni kweli: oili ingekuwa inapita chini chini, nusu ya kipozea imejaa hewa, na mlimani tungechemka vile vile.

"Umekigeuza makusudi," akasema. Sasa sauti haikuwa ya mzaha. "Ili usiende kwa mama."

Nilikuwa na mawili ya kuchagua: nionekane mwovu au nionekane mjinga. Kwa sekunde chache, Mungu anisamehe, uovu ulinivutia. Una heshima yake.

"Ndiyo," nikasema. "Makusudi."

Akanitazama usoni, kisha akaangua kicheko mpaka chupa ikamponyoka. "Wewe? Ujanja huo uutoe wapi? Shika spana!"

Akanishikia tochi ya simu mchana kweupe, ati nisisingizie giza. Kukigeuza midomo juu kulitaka kukisogeza pembeni, na pembeni palikuwa na honi, basi honi nikaihamisha. Tukawasha injini, tukaiacha ingurume, tukaizima, tukaongeza oili iliyopungua. Hakuna kilichovuja.

Kesho yake tukapanda. Kuanzia Mwatate barabara inajikunja kona juu ya kona, na mimi jicho moja lilikuwa njiani, jingine kwenye mshale wa joto, nikiungoja unihurumie. Mshale haukutikisika. Kilichokataa ni honi. Waya wake nilisahau kuurudisha. Kwa hiyo kila kona mke wangu alitoa kichwa dirishani akapiga kelele "Piiii!" kwa furaha ambayo sijamwona nayo tangu tuoane.

Tulipofika nilifungua boneti, nikakigusa kipozea kwa kiganja. Kikaniunguza. Basi oili ya moto inapita humo, kinafanya kazi.

"Shikamoo, mama," nikasema, mkono mmoja nikiupuliza.

"Marahaba. Simama hapo kwenye mwanga." Akanishika mabega, akanigeuza kushoto, akarudi nyuma hatua akanitazama. Akanigeuza kulia. "Kwa simu ulikuwa mrefu," akasema. Akanigeuza tena.

"Mama, usijisumbue," mke wangu akamwambia, huku akishusha mizigo. "Huyo mweke midomo juu tu. Atajaa mwenyewe chakula kikija."